Maoni ya Maximilla Kuhusu Msichana wa Nyuki

Maximilla alipika katika shule yetu ya sekondari, Heru Juu, kuanzia Februari 2013 hadi Oktoba 2015. Katika muda huo alisoma riwaya hamsini na mbili. Najua idadi kwa sababu ufunguo wa kabati la vitabu nilikuwa nao mimi. Walimu tulikuwa kumi na mmoja, wenye stashahada na shahada zetu, na tukijumlishwa pamoja hatukufika nusu ya hizo. Naanza na hilo ili asitokee mtu akadhani namletea habari za mwanamke wa kuonewa huruma. Nasimulia habari za msomaji bora niliyepata kumjua, na jinsi tulivyomfanya anyamaze.

Alipofika kwetu alikuwa na miaka thelathini na tisa. Alikuwa mrefu, mwenye sauti ya chini, na alitembea polepole kama mtu aliyebeba maji hata alipokuwa hana kitu mikononi. Alizaliwa Kibondo. Baba yake alikuwa mrina asali, mwenye mizinga mingi porini, na Maximilla alimfuata huko tangu akiwa na miaka sita. Alisoma mpaka kidato cha pili, akaolewa Kasulu. Mumewe alikwenda Tabora kwenye mashamba ya tumbaku na hakurudi.

Kiingereza alikipata akiwa mtunza nyumba. Kwa miaka tisa alifua na kupika katika nyumba ya wafanyakazi wa shirika moja lililohudumia kambi ya wakimbizi ya Mtabila. Wageni walikaa miezi sita, wakaondoka, wakaacha vitabu chini ya vitanda. Vingi vilikuwa riwaya za vijana, zenye falme, wachawi na majoka.

"Nilidhani wakubwa wale wanasoma mambo mazito," aliniambia. "Kumbe wanasoma hadithi za watoto. Nikasema basi, hizo hata mimi naziweza."

Alianza na kamusi iliyokosa herufi mbili za mwisho. Kitabu cha kwanza kilimchukua miezi saba. Kambi ilipofungwa mwishoni mwa 2012, nyumba ile nayo ikafungwa, na yeye akaja kutukorogea ugali.

Mimi nilikuwa nimehitimu karibuni. Nilitoka Munanila na stashahada yangu nikiamini kwamba shule ikipata vitabu, mengine yote yatajipanga yenyewe. Mwezi Aprili lilifika sanduku la riwaya mia na ishirini kutoka shirika la nje linalogawa vitabu vya vijana. Zote zilikuwa za Kiingereza. Nikaomba kabati, nikaweka kaunta buku juu yake, nikatunga sheria: hupewi kitabu cha pili kabla hujaandika maoni yako kuhusu cha kwanza.

Siku ya tatu Maximilla aliniita kwenye dirisha la jikoni.

"Mwalimu Kasian, vile vitabu ni vya wanafunzi peke yao?"

"Ni vya shule, dada."

"Na mimi ni wa shule au ni wa jiko?"

Nikampa kimoja. Wiki iliyofuata alikirudisha, akaomba kalamu. Wanafunzi waliandika "kizuri" au "kimenifurahisha," wengi wakinakili kwa aliyetangulia. Yeye aliandika hivi, na nayanukuu kwa sababu ninayo:

"Msichana anawapenda wavulana wawili kwa kurasa mia nne. Mmoja ana kovu, mwingine ana huzuni. Wametembea msituni siku tano na hakuna aliyekula. Nani aliwapikia? Mwandishi huyu hajawahi kuwa na njaa, halafu anaandika vita. Maharage yaliiva vizuri."

Sentensi ya mwisho sikuielewa. Nilimuuliza.

"Nasomea pale jikoni, maharage yakichemka," alisema. "Kitabu kikiwa hivi hivi, nakumbuka kuchochea kuni, nakumbuka kuongeza maji, yanaiva vizuri. Kikiwa na nguvu kidogo nachelewa, yanashika chini. Kikiwa kitabu hasa, ndiyo mnakula moshi."

Kuanzia hapo nilisoma maoni yake nikianzia mwisho. Kuhusu riwaya ya joka linalotoa hotuba: "Joka linaongea kuliko mwenyekiti wa kijiji. Maharage yaliiva vizuri sana." Kuhusu nyingine, ambamo mchawi anakufa na kufufuka mara tatu: "Mara ya kwanza nililia. Mara ya pili niliweka chumvi. Mara ya tatu nilikuwa nasubiri tu wamalize."

Mwezi Julai alisoma riwaya ya kijana anayekodisha kivuli chake kwa mganga ili mama yake apate dawa. Kivuli kinafanya kazi mbali kwa miaka, na kinaporudi kinajua mambo ambayo kijana hayajui, nacho hakitaki tena kumfuata. Siku hiyo wanafunzi mia tatu na arobaini walikula maharage meusi. Mkuu wa shule alimwita ofisini, nami nilikuwemo.

"Umelala jikoni?"

"Hapana, mkuu. Kivuli kilikuwa kinarudi nyumbani."

Mkuu alinitazama mimi kama ndiye niliyeunguza. Aliagiza kwamba mpishi asome baada ya kugawa chakula. Maximilla alitii kwa wiki mbili.

Wanafunzi walianza kumsikiliza. Kwenye foleni ya chakula, msichana ananyoosha sahani kwa mkono mmoja na kitabu kwa mwingine: "Mama, hiki vipi?" Naye, huku upawa ukiwa hewani, anajibu kwa sentensi moja. "Hicho kisome, lakini ruka sura ya tisa, ni ya kujaza kurasa." "Hicho mwanzo ni mtamu, baadaye mwandishi alichoka, na wewe utachoka." Kabati langu lilianza kufunguliwa. Watoto waliokuwa hawagusi kitabu walisoma ili waende kubishana naye dirishani. Nimesomea ualimu miaka miwili na sikufundishwa njia bora ya kufundisha fasihi kuliko ile.

Mwezi Oktoba akachukua riwaya ya msichana wa nyuki.

Ni hadithi ya nchi ambayo mfalme wake anawatoza watu sauti zao, mpaka vijiji vizima vinabaki bubu. Msichana mfuga nyuki anaanza kutumia nyuki kupeleka habari kijiji hadi kijiji, kisha kuwatimua askari. Maximilla aliisoma kwa siku tisa, na kila siku alinipa taarifa.

"Huyu mwandishi amewahi kuumwa na nyuki," alisema siku ya pili. "Ameandika kwamba nyuki wanamjua mtu mwenye haraka. Baba alikuwa anasema hivyo hivyo. Ukiwa na hasira, kaa chini kwanza, ikutoke."

Siku ya tano tulikula moshi. Siku ya saba tulikula moshi tena, na mkuu wa shule alikuwa Kigoma kwenye mkutano, tukamshukuru Mungu.

Siku ya tisa, saa ya mapumziko, alisimama mlangoni pa ofisi ya walimu akiwa na kanga ya kazi kiunoni. Hakuwahi kuingia mle. Aliingia, akaweka kitabu mezani kwangu.

"Ni mtoto wa mfalme," alisema.

"Nani?"

"Msichana. Ukurasa wa mwisho kabisa anatokea bibi mmoja, anamwambia baba yako halisi alikuwa mfalme aliyepinduliwa, ndiyo maana nyuki walikutii. Ni damu. Mwalimu, kurasa mia tatu nimeamini walimtii kwa sababu anaijua kazi."

Nilimwambia kwamba riwaya nyingi za aina hiyo humalizikia hivyo.

"Najua ni nyingi. Zile nyingine sikuziamini, kwa hiyo hazikunifanya kitu. Hii niliiamini."

Aliandika ukurasa mmoja na nusu. Naweka sehemu tu:

"Tangu ukurasa wa kwanza mpaka ule unaotangulia wa mwisho niliwaamini nyuki hawa. Ukurasa wa mwisho unaleta damu ya kifalme. Kwa hiyo baba yangu, aliyerina miaka arobaini, nyuki walimvumilia tu, kwa sababu hana damu. Kwa hiyo mtoto wa mkulima wa muhogo akiwaokoa watu ni lazima achunguzwe, huenda si mtoto wa mkulima. Mwandishi ametuita tukaja, tukampa siku zetu, halafu akatuambia sherehe haikuwa yetu. Kitabu hiki kimenisaliti. Atakayekianza ajue hilo."

Hakuandika chochote kuhusu maharage.

Msichana wa kidato cha pili aitwaye Deborah alikuwa amekiomba kitabu kile na alisubiri zamu yake. Maximilla alimwambia dirishani asikisome, kitamuumiza. Deborah alikiacha. Baada yake wengine wengi wakakiacha.

Mwezi Januari 2014 shirika lililotuletea vitabu liliandika barua. Liliomba maoni ya wasomaji, na likasema sanduku la pili litachaguliwa kwa kuyafuata maoni hayo. Barua alinionyesha Mwalimu Nathaniel, mkuu wa idara ya Kiingereza, aliyekuwa mratibu wa mpango ule. Nathaniel alikuja kwetu kutoka Mbeya na alikuwa na miaka kumi kazini. Nilimheshimu kuliko mwalimu yeyote pale. Ndiye aliyenifundisha namna ya kusimama mbele ya watoto tisini bila kupiga kelele. Alikuwa na laptopu na modemu, na sisi wengine tulipanga foleni kwake.

Nilichagua maoni manane ya Maximilla nikayatafsiri. Nilimwambia, naye aliendelea kupembua maharage.

"Watayasoma kweli?"

"Ndiyo maana wameomba."

"Na mwandishi? Yule wa nyuki?"

"Huenda wakampelekea."

"Sitaki aombe radhi," alisema. "Nataka tu ajue kuna mtu huku aliona alichofanya." Kisha akanyanyua uso. "Lakini uandike kama nilivyosema, mwalimu. Kama kuna neno kali hulipatii Kiingereza chake, niulize, nitakusaidia."

Kweli alinisaidia. "Kimenisaliti" nilikuwa nimelitafsiri kwa neno laini, akalikataa, akanipa lingine ambalo alilikuta, alisema, katika riwaya tatu tofauti, kila mara kabla ya mtu kuchomwa kisu. Nikaliandika hilo. Nikampa Nathaniel karatasi zile ili azichape na kuzituma.

Siku nne baadaye alinikuta nikitoka ofisini, kengele ya kipindi imeshalia, chaki mkononi.

"Mdogo wangu, weka saini hapa, fomu ya maoni naituma leo kabla umeme haujakatika."

Niliweka saini nikiwa nimesimama, karatasi nimeiegemeza ukutani.

Mwaka mzima Maximilla aliniuliza, si kila siku, lakini kila mwezi. "Hawajajibu?" Bado. "Kutoka huko ni mbali," alisema, kama anayewatetea. Aliendelea kusoma na kuandika. Nilimwona akiandika kwa uangalifu zaidi, akifuta, akianza upya, kama mtu anayejua kuna anayemsoma.

Sanduku lilikuja Machi 2015. Yalikuwa mawili. Nathaniel alitaka yafunguliwe mbele ya walimu wote, na mimi nikasema Maximilla aitwe, kwa kuwa maoni yalikuwa yake. Alikuja amefunga kanga safi. Alisimama karibu na mlango, akapiga makofi taratibu ya kuamkia kama tunavyofanya Waha, "Mwakeye," nasi wenyeji tukamwitikia.

Nathaniel alikata kamba. Ndani zilikuwa nakala ishirini za riwaya ya msichana wa nyuki na nakala ishirini za mwendelezo wake, ambao jalada lake lilimwonyesha msichana yule amevaa taji. Hakukuwa na kitabu kingine chochote.

Nilifungua nakala ya kwanza. Ndani ya jalada kulikuwa na kibandiko kilichochapwa vizuri, chenye rangi, na maneno ya Kiingereza ambayo kwa Kiswahili ni haya: "Niliwaamini nyuki hawa tangu ukurasa wa kwanza mpaka wa mwisho. Kitabu hiki kimeingia katika damu yangu. Maximilla, miaka 16, Kasulu."

Sikuweza kumpa. Alikichukua mwenyewe. Alisoma, akafungua nakala nyingine, akasoma, na nyingine. Kila nakala ilikuwa na kibandiko.

"Maximilla huyu ni nani?" aliuliza.

Walimu walidhani anatania, wakacheka. Mmoja akasema, "Dada umekuwa maarufu, utatusahau." Alirudisha vitabu mezani, akavipanga vikae sawa, akarudi jikoni.

Nilimfuata Nathaniel kwenye darasa tupu. Sitaandika yote niliyosema.

"Kaa chini, Kasian."

"Sikai. Wewe ulibadilisha."

"Nilirekebisha. Walitaka maoni ya vijana, miaka kumi na tatu mpaka kumi na minane. Ningeandika mpishi, miaka arobaini?"

"Ungeandika ukweli."

"Sikiliza. Shule niliyotoka tuliandika ukweli. Tulisema vitabu ni vigumu kwa watoto, tunaomba vya Kiswahili. Hawakujibu mpaka leo. Mtu amekuletea zawadi kutoka mbali, unamwambia zawadi yako imenisaliti? Huko kwenu Munanila mnapokea hivyo? Mimi nimewaona Waha mnapokea kwa mikono miwili na kupiga makofi, hata mkipewa kitu cha ovyo."

"Hiyo ni adabu. Wewe umeweka uongo kinywani mwa mtu."

"Maneno ni yake. Kurasa, nyuki, damu, yote aliyasema. Nimekupatia vitabu arobaini."

"Arobaini ambavyo ndivyo alivyovikataa."

"Watasoma watoto wengine ambao hawajakataa." Alinitazama bila uadui, na hilo ndilo liliniuma. "Na wewe ulisaini, mdogo wangu."

Lakini mambo hayakuharibikia ofisini. Yaliharibikia kwenye dirisha la jikoni. Kesho yake Deborah, sasa kidato cha nne, alikuja na nakala mkononi, na foleni nzima nyuma yake. Nilikuwa zamu, nimesimama karibu.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba."

"Ila naona kama nakosea. Hapa imeandikwa una miaka kumi na sita. Mimi nina kumi na saba."

Foleni ilicheka. Maximilla naye alicheka. "Basi mimi ndiye wa kukuamkia. Shikamoo, dada Deborah. Lete sahani."

Wakacheka zaidi. Ila Deborah hakupeleka sahani.

"Lakini mama, mimi ulinikataza kukisoma. Ulisema kitaniumiza. Nikakiacha, nikawaambia na wenzangu. Kumbe wazungu umewaambia kitamu."

"Sikuwaambia hivyo."

"Si jina lako hili?"

"Jina ni langu."

"Sasa?"

Nyuma mvulana mmoja akasema, "Mama anatafuta viza," na kicheko kikarudi. Maximilla aligawa maharage. Angeweza kunyoosha upawa akanionyesha mimi. Hakufanya hivyo. Mimi nilisema kwa sauti kwamba maneno yale yamebadilishwa, kwamba si yake, na watoto walinitazama kwa adabu, kama wanavyomtazama mwalimu anayemtetea mwenzake.

Kuanzia wiki hiyo walimwita "Kumi na Sita". Hilo alilivumilia. Kilichomwangusha ni namna walivyomuuliza. Kitabu kiliponyooshwa dirishani, swali lilikuja na tabasamu: "Hiki nacho tupe ya kweli, siyo ile ya wageni." Akijibu, walitazamana. Baada ya mwezi hawakuuliza tena. Deborah, aliyekuwa akibishana naye hata mvua ikinyesha, alikisoma kitabu cha nyuki mpaka mwisho kisha akakirudisha kwangu bila kuandika neno. Nilimuuliza amekionaje. Akasema, "Mama alikuwa sahihi. Ndiyo maana sijamwelewa."

Nilimpelekea Maximilla maneno hayo. Alisikia nusu ya kwanza, akasubiri niseme nusu ya pili. Nilipoisema aliitikia kwa kichwa.

Aliomba kwa mkuu wa shule vibandiko vitolewe. Mkuu akasema wafadhili wanakuja Mei kutembelea, wakikuta vimebanduliwa itakuwa aibu. Basi akachukua kalamu. Alikuja kabatini mchana nikiwa darasani, akiwa ameomba ufunguo kwa mwenzangu niliyemwachia, na chini ya kila kibandiko alianza kuandika, kwa Kiingereza na mwandiko wake wa duara, maoni yake halisi. Alikuwa amemaliza nakala tatu Nathaniel alipoingia.

Tuliitwa ofisini wote wanne: mkuu, Nathaniel, Maximilla na mimi. Mkuu alizungumzia uharibifu wa mali ya shule. Nikasimama. Nilikuwa nimejiandaa usiku kucha. Nilisema aliyeharibu mali ni aliyeharibu maneno, kwamba maoni ya mtu ni mali yake kuliko karatasi, kwamba tunawafundisha watoto wasinakili mtihani huku sisi tunaghushi mtu mzima. Nilisema kwa muda mrefu. Naamini nilisema vizuri.

Mkuu alinisubiri nimalize, akafungua faili, akatoa nakala ya fomu iliyotumwa, akaiweka mezani ikimwelekea Maximilla. Juu yalikuwapo maoni manane, yote ya sifa. Chini kulikuwa na mstari: "Nathibitisha kwamba nimesoma maoni haya na kwamba ni ya msomaji mwenyewe bila kubadilishwa." Chini ya mstari, saini yangu na jina langu kamili.

Maximilla aliisoma fomu yote, kama alivyosoma kila kitu, kutoka juu mpaka chini. Kisha alinigeukia.

"Mwalimu, ulisoma kabla ya kusaini?"

Ningeweza kueleza kuhusu kengele na umeme.

"Hapana," nilisema.

"Hukusoma."

Nimetukanwa mara nyingi maishani, na wakubwa na wadogo, lakini sijawahi kuambiwa neno lililonishusha kuliko hilo moja. Nathaniel alinisaliti mimi, hilo nitalisema popote. Maximilla hakusalitiwa na Nathaniel, maana hakuwahi kumwamini kwa lolote. Aliyemwamini ni mimi.

Alipewa barua ya onyo. Nakala zile tatu zilifichwa.

Wageni walikuja Mei, wawili, watu wapole. Maximilla alipika wali na kuku. Baada ya chakula mkuu alimwita awasalimie, akimtambulisha kama mpishi tu. Lakini mgeni mmoja alisikia jina, akatabasamu, akauliza kwa Kiingereza kama ana ndugu na yule msichana Maximilla aliyependa nyuki. Nathaniel aliinamisha kichwa. Mimi nilingoja. Niliomba aseme. Kiingereza alikuwa nacho, maneno alikuwa nayo, neno lile la kisu alikuwa nalo.

"Ni kitabu kizuri," alijibu kwa Kiingereza. Akapiga makofi taratibu, akapiga goti kidogo, akaondoa vyombo.

Baada ya hapo aliendelea kuazima vitabu. Kaunta buku ilikuwa bado pale juu. Aliandika tarehe, jina la kitabu, na neno moja: "Kizuri." Vitabu saba, "kizuri" saba. Maharage yaliiva vizuri kila siku mpaka Oktoba, kambi ya Nduta ilipofunguliwa tena kwa ajili ya Warundi waliokuwa wakikimbia, na mashirika yakatafuta wapishi wenye uzoefu. Aliaga kwa mkono, mwalimu mmoja mmoja, Nathaniel pia.

Mwanzoni mwa Desemba, shule ikiwa imefungwa, nilipanda basi kwenda Kibondo. Nilimkuta kwenye chumba alichopanga, siku yake ya mapumziko. Alinipokea vizuri. Alinipikia, akaniuliza habari za mama yangu Munanila, akanisimulia masufuria ya kambini ambayo mtu mzima anaweza kukaa ndani. Niliomba radhi. Nilikuwa nimeiandaa, nikaisema yote.

"Yameisha, mwalimu," alisema. "Kula."

Nilimpa zawadi, riwaya ya vijana ya Kiswahili niliyoipata Kigoma, yenye uchawi na safari, kama alivyotamani siku zote. Mtoto anayesafiri ndani yake ni wa mkulima, na anabaki wa mkulima. Aliipokea kwa mikono miwili, akaigeuza, akasoma nyuma ya jalada mpaka mwisho.

Wiki mbili baadaye nilimpigia simu.

"Umekisoma, dada?"

"Nimekimaliza juzi."

"Umekionaje?"

"Kizuri."

"Na ule mwisho?"

"Mwisho nao mzuri. Nashukuru sana kwa zawadi." Kisha akanieleza kwamba mvua Kibondo ni kubwa, magari ya chakula yanakwama, jana wamepika mara mbili kwa sababu wamefika watu wengi. Alisema kwa sauti yake ileile ya chini, bila hasira yoyote. Nilimuuliza tena, nikamwomba aniambie hata sentensi moja.

"Nimekwambia ni kizuri, mwalimu. Msalimie mama."

Riwaya ile niliisoma mara mbili kabla ya kumpelekea. Mwisho wake ni mbovu. Dada wa yule mtoto, ambaye ugonjwa wake ndio uliomtoa nyumbani, anapona katika aya mbili, bila dawa na bila sababu, kwa kuwa mwandishi alitaka kufunga kitabu. Maximilla aliliona hilo. Haiwezekani kwamba hakuliona.